Ovadraivu ya Land Rover Kuukuu: Je, Yastahili Kuuziwa Bangili?



Juma hili tumeletewa suali na dada yetu mmoja wa Malindi, nasi tumeona tulijibu kwa urefu, kwani ndani yake mna mambo mawili yaliyofungamana: jambo la chuma na jambo la nyumba. Anatueleza kwamba mumewe ana Land Rover ya mwaka 1974, ile ndefu iitwayo 109, ya injini ya petroli, aliyoachiwa na ami yake. Kila mwezi familia huipanda kwenda Mombasa kumwangalia mama mzazi wa dada huyu, na mara mbili kwa mwaka huenda nayo Nairobi walipo vijana wao wanaosoma. Njiani gari huvuma mpaka watu hawasikilizani. Sasa mume ameshauriwa aitie ovadraivu, akaambiwa itapunguza mafuta, kelele na muda wa safari. Fedha hana. Amemwomba mkewe bangili zake aziuze, naye ameahidi kwamba akiba ya mafuta itazirudisha. Dada anauliza: "Je, jambo hili lina maana, au ni bangili zangu zinazokwenda na maji?"

Kabla ya kutoa jawabu, yatupasa tufahamu kitu chenyewe ni nini. Tumezungumza na mafundi wenye umri na magari haya, na tuliyoyapata tunayaeleza kwa lugha ya nyumbani, ili mama asiyewahi kufungua boneti ayafuate sawasawa na fundi.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili mwaka 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikusudia gari la shamba: livute jembe, lipite matopeni, lipande kilima limebeba magunia. Gari la kazi hiyo hupewa gia nzito, yaani injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara chache. Ndivyo nguvu inavyopatikana. Kwa mkulima hilo lilikuwa jambo jema. Kwa familia iliyo katika barabara ya lami, safari ya saa saba, ndiyo asili ya ule uvumi anaoulalamikia dada yetu.

Tulipime hilo kwa hesabu. Katika gari kama hili, gia ya nne ikiwa imeingia, injini huzunguka takriban mara 5.4 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa matairi ya 7.50-16 ambayo aghalabu huvaliwa na 109, mwendo wa kilomita 80 kwa saa huilazimu injini kuzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Injini yenyewe ni ya sentimita za ujazo 2,286, na nguvu zake ni kama za farasi 70. Haikuumbwa kukimbia, imeumbwa kuvuta.

Ovadraivu ni sanduku dogo la gia linalofungwa nyuma ya transfa, mahali ambapo zamani wakulima walitolea nguvu za kuendeshea mashine zao. Mwenye cherehani cha miguu atalifahamu upesi. Gurudumu kubwa la chini likizunguka mara moja, mkanda hulizungusha lile dogo la juu mara nyingi. Ovadraivu hufanya mfano wa hilo, ila kwa kiasi kidogo: injini ikizunguka mara 78, yeye hutoa mizunguko 100 kuelekea magurudumuni. Hicho ndicho kipimo cha ile iliyotengenezwa na kampuni ya Fairey ya Uingereza katika miaka ya 1970, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika magari haya. Kwa mwendo uleule wa kilomita 80, injini hushuka kutoka mizunguko 2,900 hadi karibu 2,300. Hapana uchawi na hapana nguvu mpya iliyozaliwa. Ni mgawanyo tu wa nguvu ileile.

Basi tuzipime ahadi tatu, moja baada ya moja.

Ahadi ya kelele ni ya kweli. Injini iliyopungukiwa na mizunguko 600 kila dakika hupungua uvumi na mtetemo, na dereva aliyetulia masikio huchelewa kuchoka. Mwenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa ndani ya gari hatalidharau jambo hili. Lakini si kelele yote ya Land Rover inayotoka kwenye injini. Nyingine hutoka kwenye milango isiyofunga vizuri, mabati ya sakafu yasiyo na mazulia, raba zilizokauka, na matairi ya meno makubwa yanayoimba juu ya lami. Ovadraivu nayo ina mlio wake wa gia, na ikichakaa mlio huo huwa mkali kuliko ule uliokusudiwa kuondolewa.

Ahadi ya muda ni nusu kweli. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Anayekwenda kilomita 75 kwa saa bila kusimama hufika kwa dakika 96. Akienda 85 hufika kwa dakika 85. Ameokoa dakika 11. Na ni nani apitaye Kilifi na Mtwapa bila matuta, bila matatu, bila msongamano? Dakika hizo 11 humezwa na Mtwapa peke yake. Katika safari ya Nairobi, ya takriban kilomita 485 kutoka Mombasa, hesabu ya karatasini hutoa akiba ya dakika 45 hivi. Lakini barabara ile hupanda kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 1,600, nayo imejaa malori. Gari lenye farasi 70, likiwa limebeba watu wanane na mizigo, halitapanda vilima vya baada ya Mtito Andei kwa ovadraivu. Dereva atalazimika kuitoa na kurudi gia ya nne ya kawaida, au ya tatu.

Hapa lakini tuitendee haki ovadraivu, maana ina faida isiyosemwa na wauzaji. Yaweza kutumiwa pamoja na gia ya tatu pia. Katika Land Rover ya umri huo, mwanya kati ya gia ya tatu na ya nne ni mpana: ya nne haitoshi kupandia kilima, na ya tatu inailiza injini. Gia ya tatu ikitiwa ovadraivu huangukia katikati ya hizo mbili. Mafundi wengi tuliozungumza nao wanaihesabu faida hii kuwa kubwa kuliko ile ya mwendo wa kasi.

Ahadi ya mafuta ndiyo iliyobeba bangili, basi tuitazame kwa makini zaidi. Gari halili mafuta kwa sababu ya mizunguko ya injini peke yake. Katika mwendo wa barabarani linakula zaidi kwa kusukuma upepo, na Land Rover, kwa umbo lake la kisanduku, husukuma upepo kama mlango uliosimamishwa wima. Upinzani wa upepo huongezeka kuliko kasi yenyewe: ukitoka kilomita 75 na kufika 90 kwa saa, upepo hukupinga kwa asilimia 44 zaidi. Kwa hiyo akiba hupatikana kwa dereva anayetia ovadraivu kisha akabaki kwenye mwendo wake wa zamani. Anayeitia ili akimbie atailipa pampu ya mafuta, na huenda akailipa zaidi ya alivyokuwa akilipa kabla.

Natuchukulie kwamba mume wa dada yetu ni mtu wa subira, na kwa ukarimu tumpe akiba ya asilimia 10. Safari 12 za Mombasa, kwenda na kurudi, ni kilomita 2,880. Safari mbili za Nairobi kutoka Malindi ni kama kilomita 2,400. Jumla yake ni karibu 5,300 kwa mwaka. Safari za mjini hatuzihesabu, kwani huko ovadraivu haina kazi. Gari hili likienda kilomita 6 kwa lita, litatumia lita 883, na akiba ya asilimia 10 ni lita 88. Kwa ajili ya hesabu tu, tuweke lita moja kwa shilingi 180: akiba ya mwaka mzima ni shilingi 15,900 hivi. Na tuseme kifaa, usafiri wake kutoka ng'ambo, ushuru na ujira wa fundi vimefika shilingi 250,000. Zitahitajika karibu miaka 16 kuzirudisha fedha hizo. Msomaji abadilishe bei kwa zile za siku yake na za kifaa alichokiona. Hesabu ni rahisi. Akishusha gharama hata kwa nusu, bado ni miaka minane. Mtoto aliyeanza chuoni leo atakuwa anajiandaa kwa mitihani yake ya sekondari, na bangili hazijarudi.

Hivyo ahadi ya kwamba mafuta yatazirudisha bangili haisimami. Hatusemi kwamba mume amedanganya. Watu wengi husema hivyo kwa nia njema, kwa sababu asilimia 28 ya kasi kwenye tangazo la muuzaji husikika kama asilimia 28 ya mafuta. Ni vitu viwili mbalimbali.

Ziko gharama nyingine zisizotajwa dukani. Ovadraivu hushika meno ya shafti kuu ya giaboksi. Gari la miaka 50 aghalabu meno hayo yameliwa, na kukifunga kifaa kipya juu ya meno yaliyoliwa ni kujenga ghorofa juu ya msingi uliooza. Basi kabla ya kununua, giaboksi ikaguliwe, na huenda ukaguzi huo ukazaa matengenezo yenye gharama kuliko kifaa chenyewe. Tena ovadraivu ina mafuta yake mbali na ya giaboksi, nayo ni machache, hayafiki hata lita moja. Yakivuja bila mtu kujua, gia zake huungua katika safari moja. Anayeifunga lazima awe na desturi ya kulala chini ya gari na kupima mafuta yake mara kwa mara. Asiye na desturi hiyo asijisumbue.

Na kwa wenye kutafuta iliyotumika, ushauri wa mafundi ni huu: mwaga mafuta yake kwenye sahani safi uyatazame juani. Ukiona vipande vya chuma vinametameta, iache. Shika shafti yake uitikise. Ikicheza kwa nafasi kubwa, iache vilevile. Uliza kama kwa muundo huo vipuri vinapatikana na vinatoka wapi, kwani beringi moja inayosubiriwa kutoka Uingereza yaweza kulilaza gari miezi miwili.

Je, ziko njia nyingine? Zipo tatu zinazosemwa sana. Ya kwanza ni kubadili difu na kutia zile nyepesi za 3.54 badala ya 4.7 za asili. Hizi huharakisha gari kwa karibu theluthi moja, lakini haziwezi kuzimwa: kilima ni hicho, mchanga ni huo, na kurudi nyuma kwa mzigo ni huko, vyote kwa gia nyepesi. Tena lazima zibadilishwe mbele na nyuma pamoja, la sivyo siku dereva atakapotia magurudumu manne ataivunja mitambo. Na 109 nyingi za miaka hiyo zina ekseli nzito ya nyuma ya aina ya Salisbury, ambayo haipokei difu za magari madogo. Njia ya pili ni kubadili gia zilizomo ndani ya transfa, ambayo huacha zile nzito za matopeni kama zilivyo. Ni njia imara, ila haina hiari ya kutia na kutoa, na kilima cha gari lililojaa watakisikia wote. Ya tatu ni matairi makubwa zaidi. Kwa mwenye gari fupi la 88 lenye matairi ya 6.00-16, kuhamia 7.50-16 wakati ya zamani yamekwisha hupunguza mizunguko kwa kiasi cha asilimia 10, bila kununua mtambo wowote. Gari la dada yetu tayari limevaa hayo, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa.

Lakini kuna jambo ambalo mume hakuliuliza, nasi tunaliona ni kubwa kuliko mafuta. Gari hili lina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, si za diski. Usukani wake ni wa zamani, na viti vyake vya nyuma, vile vya kutazamana, havikuja na mikanda. Sheria yetu huruhusu gari dogo kwenda kwa kasi zaidi nje ya mji, lakini ruhusa ya sheria si uwezo wa gari. Kulipa gari hili kasi mpya bila kuliongezea uwezo wa kusimama ni kutenda nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo inayolinda watoto. Mwenye shilingi 250,000 na Land Rover inayobeba familia, akituuliza zianze wapi, tutamwambia: viatu na silinda za breki, mabomba ya breki yaliyopata kutu kwa chumvi ya pwani, mipira ya usukani, matairi yasiyo na nyufa, na mikanda ya kiti kwa kila anayepanda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika barabara ya Mombasa, ukuta huo hujengwa kwa machozi.

Baada ya hayo, kuna tiba za bei nafuu kwa maradhi yaleyale aliyoyataja mume. Kabureta isafishwe na moto wa injini urekebishwe na mtu anayejua. Magurudumu yainuliwe moja moja na kuzungushwa kwa mkono, ionekane kama kuna breki inayobana. Breki inayobana hula mafuta usiku na mchana. Upepo wa matairi upimwe kabla ya kila safari. Raba za milango zibadilishwe, na sakafu iwekwe zulia zito lenye sponji chini yake. Kisha mwendo uwe kilomita 70 hadi 75, na safari ianze baada ya sala ya alfajiri, barabara ikiwa bado baridi. Wengi waliofanya haya wamejikuta hawaizungumzii tena ovadraivu.

Je, basi haifai kabisa? La, hatukusema hivyo. Yafaa kwa mtu ambaye gari lake ni zima kuanzia breki hadi giaboksi, ambaye safari zake nyingi ni za masafa marefu katika barabara tambarare, anayekusudia kukaa na gari hilo maisha yake, mwenye mkono mwepesi wa matengenezo, na mwenye fedha ya ziada ambayo haikuwa na kazi nyingine nyumbani. Huyo atanunua utulivu wa safari, na utulivu una thamani yake. Ila aseme wazi kwamba ananunua utulivu, asiseme kwamba anaweka akiba.

Sasa tuje kwenye jambo la nyumba. Bangili hizi ni mali ya dada yetu. Si mali ya familia, wala si akiba ya mume iliyowekwa mkononi mwa mke. Kwa dini yetu mwanamke humiliki alichopewa na alichochuma, na hakichukuliwi ila kwa radhi yake iliyo safi, isiyotokana na haya wala kununiwa. Kwa hiyo anaweza kusema hapana, na akisema hapana hajakosa utiifu. Anaweza pia kusema ndiyo, maana wema baina ya mke na mume ni mlango mpana. Lakini akisema ndiyo, wafahamiane tangu mwanzo ni nini kinachotolewa: zawadi, mkopo, au ubia katika gari. Ikiwa ni mkopo, waandikiane na waweke muda, kama tulivyofunzwa kuhusu madeni. Watu huona vibaya kuandikiana ndani ya nyumba. Sisi tunaona vibaya zaidi wanapokuja mbele yetu baada ya miaka kumi, kila mmoja akikumbuka maneno yake na kusahau ya mwenzake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa shemeji yetu tuna neno pia, kwani ombi lake halikutoka kwenye ubaya. Gari la ami yake ni kumbukumbu, na mtu hupenda kukitengeneza kile alichoachiwa na aliyempenda. Tunaliheshimu hilo. Tunamshauri tu abadilishe utaratibu: mwaka huu breki na mikanda, mwaka ujao giaboksi ikaguliwe, na kila mwezi aweke kando kidogo kutoka kwenye pato lake mwenyewe. Fedha ya ovadraivu ikitimia na hamu ikiwa ingalipo, ainunue kwa furaha, na mkewe atampongeza. Hamu ikiwa imepoa, fedha itakuwepo, na ada ya shule haikosi kuja.

Jawabu letu kwa dada, kwa ufupi, ni kwamba kifaa hiki si upuuzi, lakini kwa gari hili, safari hizi na mkoba huu, hakistahili kuuziwa dhahabu. Amweleze mumewe kwa upole, ikiwezekana wakae pamoja na kalamu na kuzipitia hesabu tulizoziandika, wakiweka bei zao wenyewe. Mume akiona jumla kwa mkono wake atakinaika upesi kuliko akiambiwa.

Wasomaji wenye masuali ya namna hii, ya vyombo, ya majengo na ya matumizi ya nyumbani, waendelee kutuandikia. Wabillahi tawfiq.